Kiduha Ndani ya Kompyuta

Ninyi vijana mtakaosoma haya, tulieni. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini jembe nalijua.

Juzi mjukuu wangu Mwanaidi alikuwa anakagua kompyuta yake, iliyobeba ripoti yake yote ya chuo. Siku hizo ilikuwa inakwenda polepole mno.

"Bibi, humu mna programu hata sizijui. Nazifuta zote."

Nikachungulia. Majina yamejipanga kama mistari ya mahindi, na moja lina kipicha cha zambarau. Rangi ile ikanirudisha shambani kwetu Kwedizinga.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Mama alinipa mistari mitano ya kupalilia, akaenda Mkata kuuza mihogo. Mimi niliyajua mahindi tu. Kila nisichokijua niliking'oa, isipokuwa viua vya zambarau vilivyojibanza chini ya mahindi. Vizuri mno. Nilivizungushia udongo kwa adabu, kama wageni.

Mama aliporudi alikuta harufu ya majani mabichi bado inapanda. Akaokota mche ulionyauka.

"Hiki nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui, ukang'oa. Mbaazi zangu hizi. Mboga ya kiangazi utaitoa wewe?"

Nikalia. Hakunipiga. Tulichuchumaa tukirudishia miche iliyobaki na uhai, udongo ukituingia kwenye kucha. Kisha akaviona viua vyangu.

"Na kiduha umekipamba! Hiki ndicho kinachonyonya mahindi mizizini." Akacheka mpaka akakaa chini.

Nilidhani ananicheka mimi. Nilipolea wanangu ndipo nikajua alicheka nisije nikaliogopa jembe. Kiangazi chote tulikula mlenda, na mbaazi hakuzitaja hata siku moja.

Basi nikamwambia Mwanaidi, "Toa mkono hapo. Ulizipanda wewe?"

"Bibi, kompyuta haipandwi."

"Kuna aliyeziweka. Kamuulize anayejua."

Alinung'unika, lakini akaipeleka kwa fundi wa Korogwe. Kumbe programu nyingi ndizo zinazoiendesha. Angezifuta, ingegoma kuwaka, ripoti ikiwa ndani. Ile ya zambarau iliingia pamoja na nyimbo za bure za mtandaoni, ikawa inanyonya chini kwa chini. Fundi akaing'oa hiyo peke yake.

Jioni niliwaita wajukuu wote nikawaambia: katika nyumba hii, usichokijua hukifuti wala hukipambi, mpaka umeuliza nani kakipanda.