Mkono Niliomwazima

Nilifundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na kama kuna ugonjwa nilioondoka nao kazini ni huu: siwezi kuliona kosa nikalipita. Kibao cha duka kikiandikwa vibaya, naingia kumwambia mwenye duka. Jirani zangu wa Chumbageni hunisalimia kwa kuchagua maneno.

Chuo kimoja hapa Tanga kiliponiita nimwandikie mtihani mwanafunzi asiyeona, yaani nimsomee maswali na kuandika majibu anayoyatamka, nilikubali kwa majivuno. Nilijiona hapo wamempata mtu. Msimamizi alinisomea masharti: soma swali kama lilivyo, andika unachoambiwa, usiongeze wala usipunguze. Nikaitikia kwa kuburuza, kama mtu anayefundishwa kunywa maji.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa binti wa Kipemba, mwembamba, fimbo yake nyeupe ameikunja na kuiweka chini ya kiti. "Shikamoo, mwalimu," aliniwahi kabla sijafungua mdomo. Mtihani ule ulikuwa wa marudio, na kwake ndio wa mwisho: akianguka, anaondolewa chuoni, arudi kwao Pemba na begi lake. Mara ya kwanza aliangushwa na huruma. Aliyemwandikia, mwanafunzi mwenzake, alikuwa akimfupishia majibu akidhani anamsaidia kuwahi muda, naye hakujua mpaka alipofeli akaomba asomewe karatasi yake.

"Leo kila jibu utanisomea ulivyoliandika," aliniambia. "Usinichoke, mwalimu."

Tulipewa chumba kidogo cha peke yetu na muda wa ziada, msimamizi akakaa mlangoni. Nilipomaliza kusoma maswali, binti alichukua karatasi tupu akaanza kuikunja, kunjo moja kwa kila hoja aliyoipanga kichwani. Kisha akatamka jibu, sentensi nzima nzima, mpaka mkato akautaja, huku kidole kikishuka kunjo hadi kunjo. Nimesahihisha insha zisizo na idadi, lakini sikuwahi kuiona akili ikifanya kazi waziwazi namna ile. Kurasa tatu, hakurudia hoja wala hakupotea. Niseme kweli, nilimhusudu.

Tukafika swali la tano. Alitakiwa kutofautisha visasili na visakale. Visasili husimulia asili ya vitu, visakale husimulia mashujaa wa kale. Nimelifundisha hilo mpaka sauti ikakauka. Binti akavigeuza, kila kimoja akakipa maelezo ya mwenzake. Nadhani ni uchovu, maana tulikuwa tumekaa zaidi ya saa mbili. Mazoea yana tabu: mkono wangu ukaandika lililo sahihi. Ningependa kusema ulijiendea wenyewe, lakini nilimwonea huruma na nilitaka apite.

Nikamsomea. Kidole chake kikasimama kwenye kunjo.

"Mie sikusema hivyo, mwalimu."

Msimamizi akainua kichwa.

"Kumbe nilivigeuza," akasema, akatabasamu kidogo kwa uchungu. "Sasa nimeshajua. Lakini nimejua kwako, si kwangu. Kata, uandike nilivyosema."

"Mwanangu, huu ndio mtihani wako wa mwisho," nikanong'ona.

"Ndiyo. Wangu."

Msimamizi alikuja akasimama juu yangu. Nikamweleza kuwa kosa ni langu, binti hana lake, naye akaliandika kwenye fomu yake. Kisha nikakata mistari ile, nikaandika jibu bovu kwa mkono wangu, neno kwa neno, mashavu yakiniwaka kwa aibu. Katika ualimu wangu wote sikuwahi kuandika kosa huku nalijua. Nilijawa na hofu: kama alama za swali lile ndizo zitakazomwangusha, nitamtazama vipi? Yeye alikuwa ameshanyoosha karatasi yake na kuanza kukunja ya swali la sita.

Wiki zile za kusubiri sikula vizuri. Matokeo yalipotoka alinipigia simu mwenyewe. Nilikuwa napepeta mchele, nikauacha kwenye ungo, kuku wakajihudumia.

"Nimepita, mwalimu. Pamoja na kosa langu."

Nililia, nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Binti akaningoja nitulie, halafu akaniomba muhula ujao nikamwandikie tena. Nikamuuliza kwa nini mimi, baada ya nililomfanyia, na wakati chuo kinaweza kumtafutia mwingine.

"Kwa sababu ulinisomea ulichokiandika," akasema. "Ungeweza kunisomea nilichosema, karatasi ukaiacha vile vile, na mie nisingejua kitu."