Glodi aliita, Kankolongo hakugeuka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malori hayajaanza kutimua vumbi kwenye barabara ya Kingamyambo, katika mji wa migodi wa Kolwezi. Zéphirin Kankolongo anavua kiatu cha kulia, anaikanyaga kamba kwa unyayo mtupu, kisha anaizungusha mara mbili kwenye kiganja. Mita ishirini na mbili chini yake, wanaume watatu wanachimba shaba na kobalti. Nyuma yake kompresa inanguruma, ikiwapelekea hewa kwa mpira mrefu.

Kamba ikivutwa mara moja, gunia limejaa. Mara mbili, wanataka maji. Ikivutwa ovyo, bila kuhesabika, watolewe haraka.

Kankolongo hatulii. Anatazama shimo, anatazama kompresa, anatazama midomo ya kila anayepita. Pembeni yake amechuchumaa Samy, mkuu wa kundi, sikio ameliinamisha kwenye mdomo wa shimo. Samy angepaswa kuwa chini akichimba. Yuko juu kwa sababu mwenzake hasikii.

"Atashika kamba mpaka mwisho wa mwezi," Samy anasema, bila kumtazama mtu. "Kisha tutachagua."

Katika machimbo haya, mlinda kamba hateuliwi na tajiri wala na mwenye kiwanja. Huchaguliwa na wale wanaoshuka, kwa kuwa ndiye wanayemwachia roho zao. Hachimbi hata jiwe moja, lakini fungu lake ni sawa na la mchimbaji: siku nzuri faranga elfu thelathini, siku mbaya pesa ya unga tu. Kankolongo, mwenye miaka arobaini na mmoja, amekuwa na heshima hiyo kwa miaka mitatu.

Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Baba yake alifanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alishika mashine ya kutoboa mwamba kwa miaka saba, chini ya mkandarasi mdogo ambaye leo hayupo. Vifaa vya kuziba masikio havikuwepo. Vijana walikata vipande vya godoro na kuvisokomeza masikioni. Filimbi ilianza kulia kichwani mwake mwaka wa tano, na haijanyamaza tangu hapo.

Nyumbani, mtaa wa Kasulo, mke wake Josée ndiye aliyeona kwanza. Kanisani mume wake alikuwa akiimba ubeti ambao wengine walikwisha kuumaliza. Mezani alikuwa akijibu maswali ambayo hayakuulizwa.

"Mi nilizani ananizarau," Josée anasema, na kucheka kidogo. "Nilinuna wiki mbili. Yeye hata hakujua kama nimenuna."

Kazini hakuna aliyeshuku. Kamba alikuwa akiisikia kwa mguu, na watu alikuwa akiwasoma midomo. Kisha ukaja mwezi wa tatu, na ajali ya Glodi.

Glodi ndiye mdogo kuliko wote kundini, kijana wa miaka ishirini na minne. Siku hiyo bamba la mwamba lilimbana mguu, na kamba ilikuwa mbali na mkono wake. Wenzake walikuwa kwenye njia nyingine, wakigonga mawe, wasimsikie akiita. Hatimaye aliuchomoa mguu, akafika kwenye kamba kwa kujikokota, akaivuta ovyo, na Kankolongo akawatuma watu chini, akamtoa taratibu, bila papara, bila kelele.

Watu waliokuwa juu walisimulia hadithi hiyo machimbo yote. Walisema hata sauti ya Glodi ilipotoka shimoni, mlinda kamba alisimama kama nguzo, hakutetemeka, asije akawatia hofu wengine. Tangu siku hiyo wakamwita Général, jenerali wao. Glodi mwenyewe aliamini hivyo: kwamba alisikiwa, na kwamba aliyemsikia alikuwa akipima la kufanya.

Kankolongo aliupokea wadhifa huo, akanyamaza nao miezi mitano.

Mwezi wa nane walifika watafiti kutoka Lubumbashi wanaochunguza masikio ya wachimbaji. Waliweka kontena kando ya barabara, ndani wakalizungushia magodoro ili kelele isiingie. Kundi la Samy lilimsukuma Général aingie wa kwanza, kwa kujigamba.

Mtafiti aliyempokea, Naomie Bilonda, alimwekea kelele za mashine masikioni na kumtajia maneno ya kila siku ayarudie. Samaki. Kitanda. Makaa. Aliyapata yote. Naomie alikuwa tayari kuandika kwamba ni mzima, ndipo akagundua kwamba macho ya mtu huyu hayajaacha mdomo wake hata mara moja. Akachukua kipande cha katoni, akaufunika mdomo, akaendelea kutaja.

Katika maneno kumi, Kankolongo alipata mawili. Alicheka. Kisha akamwomba Naomie asiufungue mlango kwanza.

"Siyo kama hasikii kitu," Naomie anaeleza. "Anasikia kama mutu anaongea. Lakini maneno yenyewe inapotea, zaidi penye makelele. Batu bengi ya migodi beko hivyo, na banaficha."

Sikio la kulia, anasema, kifaa cha kuvaa nje hakitalisaidia tena. Lingehitaji kipandikizi, chombo kinachowekwa ndani kwa upasuaji ili kipeleke sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Upasuaji huo haufanyiki Kolwezi, na gharama yake ni ndoto kwa mchimbaji. Jina lake limeandikwa kwenye orodha, bila ahadi. La kushoto litapata kifaa cha kawaida, ambacho mradi wa watafiti hao unakitoa bure. Anakwenda kupimwa na kukivaa Lubumbashi Jumanne ijayo.

Lakini kifaa kinakuza kila sauti, ya mtu na ya kompresa. "Ku nyumba kitamusaidia sana," Naomie anasema. "Pale ku shimo, sijue."

Kankolongo angeweza kunyamaza. Karatasi ya majibu ilikuwa mfukoni mwake, na watafiti hawamwambii mtu siri ya mwingine. Alikaa nayo siku nne. Josée anasema siku hizo hakula vizuri, alikuwa akitoka uani na kurudi, kutoka na kurudi. Ijumaa, walipokuwa wakigawana pesa, aliitoa akawaambia.

Samy ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe Général yetu alikuwa kiziwi tu." Wakaangua kicheko, na Kankolongo akacheka nao, kwa kuwa aliona vinywa vikicheka.

Glodi hakucheka. Alikuja akasimama mbele yake, ili midomo yake ionekane.

"Tata Zéphirin, ile siku nilikuita kwa jina. Haukusikia hata mara moja?"

"Hata moja."

Glodi aliliacha fungu lake juu ya gunia, akaondoka akichechemea. Jumatatu alirudi. Wenzake wawili walikuwa tayari wamemtafuta mlinda kamba mwingine. Glodi alikataa: mguu wa mzee huyu ndio ulioisikia kamba, alisema, na yeye atashuka mguu huo ukiwa pale pale, mradi yuko mwingine mwenye masikio. Hivyo ndivyo Samy alivyojikuta juu ya ardhi, na kundi likabaki na mikono sita chini badala ya minane. Magunia yamepungua. Manung'uniko hayajapungua.

Kankolongo anajua siku zinakwisha. Anahamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, anafuta jasho, anatazama tena midomo. Anaulizwa, akikosa kuchaguliwa atafanya nini. Anajibu kwamba atakwenda kwenye makundi mengine kuwafundisha lugha ya kamba, na kumwambia kila anayeshuka aifunge kamba kiunoni, asiiache mbali na mkono.

Kuhusu Lubumbashi, hazungumzii safari wala kifaa. Anazungumzia siku atakaporudi.

"Sitaki kipimo ya mu kontena, na magodoro," anasema. "Nitasimama hapa hapa, kompresa inawaka. Nitageuzia Glodi mugongo. Yeye ashuke, aniite sawa vile aliniita ile siku. Nikigeuka, banirudishie kamba. Nisipogeuka, mi mwenyewe nitamupatia mungine ile kamba, mu mukono."