Mpishi wa fufu niliyemkana mbele ya mama mkwe

Admin, nisitiri jina, maana Kigoma ni ndogo na mama mkwe wangu mtarajiwa anaufuatilia ukurasa huu kuliko anavyofuatilia dawa zake za presha. Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, naishi Buzebazeba, nauza dagaa Kibirizi. Ndoa yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Badala ya kufurahi nalia, mpaka wateja wananiuliza kama nimefiwa.

Baba yangu alikuwa Muha wa Simbo, mama yangu mkimbizi kutoka Burundi. Nilipokuwa na miaka tisa ndugu zake walirudi kwao, naye akaondoka nao. Aliniacha kwa shangazi, dada yake baba, akaniahidi atanifuata kabla mahindi hayajakauka. Mahindi yalikauka, yakavunwa, yakapandwa mengine, baba akafariki, mama hakuonekana. Kwa hiyo mchumba wangu, ambaye ni mwalimu, aliponiuliza habari za mama nilimjibu kwamba alishafariki. Sikupanga. Nilikuwa na hasira, na jibu hilo lilinipunguzia maswali. Shangazi naye akaniunga mkono: "Aliyekutupa na aliyekufa wana tofauti gani?" Siku ya mahari, mkaja wa mama akaupokea yeye, kitenge na blanketi, akapigiwa vigelegele.

Sasa mama mkwe amekuja kutoka Tabora kwa maandalizi. Huyu mama kwa filamu za Kinaijeria humwambii kitu. Aliposikia kuna mgahawa wa Wanaijeria umefunguliwa mjini, hata kupumzika hakutaka. Jumapili mchana tukaenda sote watatu, yeye, mchumba wangu na mimi. Tukaletewa fufu na mchuzi wa mbegu za tikiti wenye samaki mkavu, mawese yakielea juu. Mama mkwe akanawa, akamega tonge, akatafuna, akacheka: "Jamani, si ugali wa muhogo huu na mawese! Kumbe Wanaijeria ni Waha!" Tukacheka mpaka meza ya jirani wakageuka.

Mimi kicheko kiliniishia nilipoitazama sahani yangu. Juu ya fufu, kama kwenye sahani zao, kulikuwa na kishimo cha dole gumba, na ndani yake mawese kidogo. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akinipakulia ugali kule Simbo, ili nisigombanie mboga na wakubwa. Sijawahi kumwona mtu mwingine akifanya hivyo. Nikajiambia, acha ujinga, duniani kuna vidole vingi.

Mama mkwe hajui kusifia kimyakimya. Akaomba mpishi aitwe. Akatoka mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, anafuta mikono kwenye aproni. Amezeeka, lakini ni yeye.

"Dada, wewe ni Mnaijeria?" mama mkwe akamuuliza.

"Hapana mama, mimi Mrundi. Wenye mgahawa ndio Wanaijeria, wamenifundisha." Kisha akaniona. Mikono ikasimama. Akasema taratibu, "Mwana wanje," yaani mwanangu.

Mchumba wangu akanigeukia. "Mnafahamiana?"

Hapo ndipo nilipojiangamiza. Nikasema, "Hapana. Amenifananisha."

Mama mkwe, kwa wema wake, akamwambia, "Usijali, dada. Huyu mtoto ni yatima, mama yake alifariki yeye akiwa mdogo."

Mama akaniangalia. Angeweza kuniumbua palepale. Akainamisha kichwa, akasema, "Poleni sana. Mungu amrehemu huyo mama." Alijiombea rehema mwenyewe, na mimi nikaendelea kula.

Jumanne nikarudi peke yangu, nikamkuta uani anatwanga. Nikapiga magoti, nikalia kama mtoto. Akaniambia alikwishanifuata mara mbili, na mara zote mbili shangazi alimwambia mlangoni kwamba nimeolewa mbali na sitaki kumwona. Nikataka nikaseme ukweli siku ileile. Akanikataza: "Usivunje nyumba kabla hujaingia. Mimi nimeshakufa, niache hivyohivyo." Nilipomuuliza shangazi, hakukana. Alinijibu swali kwa swali: "Na nani amekulea?" Na ni kweli, amenilea.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe fufu ilimkaa mama mkwe rohoni. Jana kaniambia kwa furaha kwamba amemchukua yule mpishi aje kupika harusini, na mpishi amekubali. Nikakimbia mgahawani kumuuliza mama kwa nini amekubali. Alikuwa anachambua mboga, akajibu bila kuniangalia: "Harusi ya mwanangu nayo niikose? Jikoni pananitosha."

Ndugu zangu mnaosoma, nikisema ukweli, mchumba wangu ataniuliza: mwanamke anayemzika mama yake akiwa mzima, mimi atanificha mangapi? Na shangazi atavuliwa nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, Jumamosi shangazi atakaa mbele kwenye kiti cha mama mzazi, na aliyenizaa atakuwa uani kwenye moshi. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, ila mkimaliza mnionyeshe njia. Nilipokuwa naondoka jana mama aliniita nirudi, akaniuliza jambo moja tu: siku hiyo sahani yangu aitie kile kishimo, au watu watajua? Nimjibu nini?