Hapana ya Tatu ya Bibi Ardis

Kitu cha kwanza kuonekana nyumbani kwa Ardis Tollefson, kando ya ziwa kaskazini mwa Minnesota, kilikuwa mashine za kufyonza vumbi. Zilijipanga ukumbini kama wageni waliokosa viti, na nyumba yenyewe haikuwa na zulia hata moja.

Ardis hakuwa mjinga. Alilelewa vizuri tu. Kwao, ukikaribishwa keki unakataa, ukikaribishwa tena unakataa tena, na mara ya tatu unasema, "Haya basi, kipande kidogo." Wachuuzi wa mashine hizo waliijua adabu hiyo. Walikunywa kahawa yake wakaingojea mara ya tatu.

Sasa dalali wa nyumba za mapumziko alikuwa anakuja Jumamosi. Alilitaka shamba la stroberi ambalo Ardis alililima na marehemu mumewe, Harlan.

"Nikimkubalia huyo, nitakuwa nimemuuza Harlan," alimlilia rafiki yake Verna.

"Basi tukuchanje, shoga. Tutakushawishi kidogo kidogo mpaka mwili uzoee."

Wakaanzia kanisani, wanawake wakishona mablanketi ya viraka. Verna alivua kiatu kimoja, akajifanya mchuuzi.

"Mama, hiki kitakupendeza."

"Hapana, asante. Ninavyo vingine."

"Vimechakaa, nimeviona!"

"Hapana, havijachakaa sana..."

"Si umeona? Chukua, mama!"

"Haya basi, nifungie."

Kicheko kilitikisa meza. "We Ardis! Kiatu kimoja cha nini, umekatwa mguu?"

"Kosa lako ni kutoa sababu," Verna alisema akifuta machozi. "Kila sababu unayompa mchuuzi, anaitilia kiraka. Sema hapana, halafu funga mdomo."

Wiki zikapita. Mmoja alimsifu, mwingine akajiliza. Mwisho Verna akanong'ona, "Harlan angependa upumzike."

Ardis aliichomeka sindano kwenye kiraka. "Hapana," alisema, akanyamaza, akaendelea kunyamaza hadi Verna akainamisha macho. Wenzake walipiga meza kwa mikasi.

Jumamosi walijazana jikoni mwake, eti wanamenya viazi. Verna akaiona keki mezani.

"Ya nani hiyo?"

"Ya dalali. Nitamkaribisha mara tatu, mimi si mshenzi. Shamba ndilo hapati."

Kokoto zikalia nje. "Ndiye huyo!" Verna alichungulia penye pazia. "Viatu vyake vinang'aa, jamani!"

"Nyamazeni, mtaniharibia!" Ardis alivua aproni akicheka, akajitengeneza nywele. Hodi ikapigwa, naye akaenda kufungua mlango kama msichana anayeitwa kucheza dansi.