Mama Apelekwa Kisiwani Kupumzika

Daktari wa Tabora alisema moyo wa mama umechoka, na kwamba dawa yake ya kwanza haimo kwenye chupa. Ni kukaa. Wiki mbili bila jembe, bila kinu, bila ndoo ya maji kichwani. La sivyo, alisema, hatafika mavuno. Alipomaliza alinitazama mimi, si mama, kana kwamba ananikabidhi funguo za ghala. Nilikuwa nimerudi juzi tu kutoka chuo kikuu kule Uganda, nafundisha shule, nina suti moja na maoni mengi. Nikajibu kwamba mama atapumzika, nitahakikisha.

Ilikuwa Desemba. Mvua za kwanza zilikwisha kunyesha kwetu Goweko, na hakuna mkulima anayeelewa neno kupumzika wakati huo.

"Hata Mungu alipumzika siku ya saba, mayu," nilimwambia mama, nikidhani kwamba mafundisho ya Wamoraviani yaliyomlea yatanisaidia.

"Alikuwa amemaliza," akasema. "Mimi sijafika hata tuta la pili."

Nikaona kwamba akibaki karibu na shamba lake atafia humo. Sasa, katika magazeti ya Wazungu nilikuwa nimesoma kwamba watu wenye mioyo michovu hupandishwa chombo cha tanga, wakapelekwa polepole kwenye kisiwa kilicho kimya, wakakaa wakitazama maji. Wazo hilo lilinivutia kupita kiasi. Kisiwani mama asingekuwa na shamba wala kinu. Dada yangu na mumewe waliahidi kumlimia, nasi tukapanda treni ya Kigoma.

Njia nzima alikaa wima kama yuko kanisani, furushi lake mapajani. Reli ile inafuata njia ya misafara ya zamani, na babu yangu mzaa mama aliikanyaga kwa miguu mpaka Ujiji, akarudi na pembe ya ndovu begani. Tulipopita Usoke mama alichungulia nje, akasema kwa aibu, "Baba angeniona nimekaa hivi angedhani nimevunjika mguu."

Nahodha tuliyempata Ujiji alikuwa Mmanyema, kwa hiyo mtani wetu sisi Wanyamwezi, mwenye chombo kidogo na tanga la viraka. Alikuwa akienda kisiwani kwa dada yake, mwendo wa siku moja na nusu. Tulipoketi akamtazama mama aliyelikumbatia furushi.

"Mama, liweke chini. Chombo kinalibeba."

"Hapa panatosha."

"Ndio hao Wanyamwezi! Hata wakipanda chombo hubeba mzigo wenyewe, wasije wakakichosha."

"Na nyinyi Wamanyema," mama akajibu, "mkiachiwa mzigo wa mtu, chombo hufika kikiwa chepesi."

Nahodha alicheka mpaka akasahau usukani, tukaanza kuelekea Kongo.

Upepo ulikuwa wa kivivu. Tulipita miamba na fukwe za kokoto, na maji yalikuwa maangavu hata nikaona kivuli cha chombo kikitambaa juu ya mawe chini kabisa. Jioni tulilala ufukweni; asubuhi tukaendelea, na hakuna aliyeharakisha chochote. Mimi nilivaa kofia ya ukindu niliyoinunua makusudi kwa ajili ya kupumzika, nikajiona mtu wa dunia. Mama aliuliza mara mbili kama hakuna kitu cha kumenya.

Kisiwa kilikuwa na nyumba chache, mihogo, mbuzi wasiofungwa, na ukimya wa aina ambayo mtu akikohoa upande wa pili unamwonea huruma. Dada yake nahodha, mjane mnene mwenye sauti ndogo, alitupa chumba na kutupikia ugali wa muhogo kwa migebuka, samaki wa ziwani. Nahodha aliondoka, akaahidi kutufuata baada ya wiki mbili.

Siku mbili mama alitii. Alikaa mkekani akilitazama ziwa kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: wahenga walisema, na mimi, pamoja na elimu yangu, nilikuwa nimewasahau. Mama hakuwasahau. Alikuja na jembe lake mwenyewe. Lilikuwa ndani ya furushi, katikati ya kanga, bila mpini. Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta kando ya mihogo ya mwenyeji, mpini wa mpera umekwisha kuingia, mkono mmoja kifuani. Alikuwa akihema hata kabla ya kuanza.

"Mayu, daktari amesema."

"Daktari hajala ugali wa huyu mama. Mimi nimekula siku mbili."

"Niache tu nilime mwenyewe, ni desturi yangu," mwenyeji alisema, lakini hakusema kwa nguvu sana.

Nikalishika jembe. Mama hakuliachia. Nilihisi mapigo ya moyo wake kwenye ule mpini, au nilidhani nahisi, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote.

"Basi nipe mimi," nikasema. "Nitalipia ugali wetu sote wawili."

Akaitazama mikono yangu. "Wewe utajikata mguu, na hapa daktari hayupo."

Lakini aliachia. Tuta la kwanza alilisimamia. La pili alichuchumaa. "Kaza kiuno! Hilo ni tuta au kaburi la paka?" La tatu alikaa chini, akanyoosha miguu, jambo ambalo sikuwa nimepata kumwona akilifanya mchana. Mwenyeji alikuja kuketi naye, wakanicheka pamoja hadi jua likawa kali. Nililima kesho yake, na keshokutwa, na siku zote zilizobaki ila Jumapili. Kofia ya ukindu ilipata kazi yake hatimaye.

Siku moja sauti yake ilikatika ghafla katikati ya matusi. Nikageuka. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, hatikisiki. Nikatupa jembe, nikakimbia, nikapiga magoti karibu na uso wake.

Akafumbua jicho moja. "Umemaliza?"

"Bado."

"Sasa umefuata nini hapa?"

Tuliporudi Tabora daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akafurahi, akasifu hewa ya ziwani. Kisha akaona viganja vyangu vimefungwa vitambaa, akauliza vimepatwa na nini.

"Huyu naye alikuwa anapumzika," mama akasema.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, alinitumia ujumbe: njoo Goweko unipumzishe. Nilikwenda kila Desemba, miaka tisa, naye akakaa kando na miguu yake ameinyoosha, akinitukana. Desemba ya kumi nililima kimya.