Vya Ndani Ondoa, vya Juu Acha

Dodoma kompyuta ina ugonjwa mmoja na dawa moja: kupiga window. Yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Ikichelewa kuwaka, piga window. Herufi moja ikigoma, piga window. Nina hakika ukiwapelekea mafundi wa Majengo pasi iliyoungua, mmoja ataifungua, ataitazama kwa huruma, kisha atakwambia, "Hii bosi inataka kupigwa window."

Nasema kwa mamlaka. Kompyuta nimeisoma masomo ya usiku, baada ya kushinda sokoni nikipima mtama, darasani tukigombea mashine moja watu wengi kama wageni wa harusi ya mchungaji. Cheti changu ni kikubwa kuliko mlango wa chumba nilichopanga.

Sasa sikiliza. Diski ni kama nyumba ya tembe, ndefu, moja. Fundi anajenga ukuta katikati. Chumba cha kwanza anakiita C, humo mashine inaishi na kufanya kazi zake. Cha pili ni D, cha kutunzia mali ya mwenye nyumba. Ukipiga window, C inafagiliwa hadi sakafuni, D inabaki salama. Mpango mzuri sana, isipokuwa kwamba kutoka Kibakwe hadi Buigiri hakuna binadamu anayeweka kitu D. Wote wanaweka pale mbele, kwenye uso wa kompyuta, juu ya picha ya ua, wakione kila wakiwasha. Na uso ule, jamani, uko C.

Dada yangu naye aliweka pale mbele. Alichoweka ilikuwa sauti ya Mama.

Mama alijua harusi ya mjukuu wake, binti wa dada, hataifikia. Akatuita, akakaa kwenye kigoda chake, akasema tumrekodi maneno ya kumuaga binti siku ya sendofu. Mimi nilishika simu ya dada, Mama akasema yake, na kabla ya mavuno alikuwa ametutoka. Simu ikaja kuibwa stendi. Kwa bahati, dada alikuwa ameshahamishia rekodi kwenye laptop, pale mbele, juu ya ua jekundu. Nakala nyingine haikuwepo duniani.

Laptop yenyewe ilikuwa nzito. Ungeiwasha, ukaenda Mpwapwa, ukalima karanga, ukapalilia, ukarudi, bado inazunguka. Wiki ya sendofu shemeji yangu, mume wa dada, akaona asije akaaibika ukumbini, rekodi ikisubiriwa na mashine haijawaka. Mimi nipo, nimesoma, naishi umbali wa kurusha jiwe. Hakuniuliza. Akaibeba kwa bajaji hadi Majengo, kwa fundi mwenye bango lililoandikwa DAKTARI WA KOMPYUTA, TV, SUBWOOFER NA FENI.

Alirudi anatabasamu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Washeni muone!"

Ikawaka upesi kweli, ua hakuna. Mahali pa ua palikuwa na gari jekundu la mashindano. Dada akaitazama, akasogeza kidole, akaitazama tena.

"Mama yuko wapi?"

"Mama gani?"

"Mama yangu! Alikuwa hapa mbele."

"Si atakuwepo tu," shemeji akasema. "Nilimwambia fundi kabisa: vya ndani ondoa, vya juu acha."

"Vya juu?" nikauliza.

"Vile vya pale juu, kwenye ua. Vile si viko nje?"

"Shemeji," nikamwambia, "wewe ukimwambia mtu abomoe nyumba, unategemea rangi ya ukuta ibaki imesimama?"

"Na wewe na cheti chako cha usiku! Ungekuwa fundi ungekuwa na bango."

Dada hakucheka. Alikaa chini pale pale kwenye mkeka, mikono mapajani. Maneno ya Mama tuliyakumbuka, wote wawili. Sauti ndiyo hatukuwa nayo kwingine, na binti alikuwa ameahidiwa kuisikia.

Tukaenda Majengo, mimi na shemeji. Daktari wa feni hata hakusimama.

"Mzee, mimi sikufuta tu. Ilikuwa imegawanywa kishamba, nikavunja kuta zote, nikagawa upya, nikafomati. Umepata vyumba vitatu! Halafu nikakujazia muvi zilizotafsiriwa, bure, ofa ya mteja."

"Umejaza kiasi gani?" nikamuuliza.

"Mpaka juu," akasema kwa fahari.

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga kwa feni yake mwenyewe. Kufomati peke yake si kifo. Ni kubandua majina milangoni. Wapangaji wenyewe bado wamelala ndani, na mwenye subira atawapata. Kinachowaua ni kumwingiza mpangaji mpya akalala juu yao. Na huyu bwana, kwa ukarimu wake wa Majengo, alikuwa amelaza juu ya mama yangu jeshi zima la makomandoo wa Kikorea.

Nikaichomoa diski, nikaiunga kwenye kompyuta yangu, nikawasha programu ya kufukua mafaili. Mchana kutwa dada alikaa pembeni yangu, chai imepoa mkononi. Zikafufuka picha za ubatizo nusunusu, risiti, kipande cha kwaya. Kisha sauti.

Mama akatusalimu kwa "Mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo cha kwao, taratibu, kama mtu asiye na safari. Akauliza wakwe wameamkaje, mvua imenyesha, ng'ombe wanashiba. Akakohoa. "Sasa mjukuu wangu, neno langu ni moja tu. Usi..."

Baada ya hapo mkwaruzo, kama bati linaburutwa. Nilijaribu kila nilichofundishwa na vingine ambavyo sikufundishwa. Palibaki bati.

Dada akasema, "Ipigwe hivyohivyo."

Ikapigwa ukumbini. Watu waliokuwa wakitafuna wakaacha kutafuna. Salamu ndefu, wakwe, mvua, ng'ombe, kikohozi. Binti akajishika mdomo. "Neno langu ni moja tu. Usi..." Bati. Mshereheshaji akakosa la kusema, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

Shemeji akaliona pengo, akaliingia. Alisimama na koti lake.

"Bibi alisema, usimjibu mumeo!"

"Ulikuwepo?" dada akauliza.

"Si inajulikana tu..."

"Hukuwepo. Kaa."

Akachukua kipaza sauti. "Bibi yako alisema, mwanangu, usimpe mume kitu chako akakipeleke kwa fundi."

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika Singida. Hata wakwe walipiga meza. Binti alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na dada akaweka kipaza sauti mezani, akamwinamia, akamwambia jambo sikioni. Binti akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, hacheki tena.

Nilijua anaambiwa nini. Mimi ndiye niliyeshika simu siku ile.

Shemeji akanisogelea na sahani yake ya pilau. "Amemwambia nini?"

"Nenda kamuulize fundi wako," nikamjibu, nikachukua nyama yake.