Jibu Nililompa Sajini

Harufu ya ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, unaoanza kuchachuka bado hunirudisha kwenye foleni ya vijana waliotaka jeshi, pale Mlandege, Iringa, nilipokubali shauri ambalo nilipaswa kulikataa. Binamu yangu Sefania, askari tayari, alininong'oneza: "Mtoto wa pekee wa mjane hawamchukui. Sema mama alishakufa."

Ndugu zangu, mama alikuwa mzima. Tangu nikiwa na miaka sita aliniamsha umande ukiwa bado majanini, twende kwenye mianzi. Alikata ncha za machipukizi kwa kisu kikali, nami nikatundika mbeta, vile vikombe vya mwanzi vya kukingia utomvu. Zamu yangu ya kukata ilipofika, alinitania kwamba nakata kama mwizi anayechinja kuku wa jirani. Kwetu, kumtaja aliye hai kuwa marehemu ilikuwa kumwita kaburini. Mtoto akiteleza ulimi hivyo, alitemeshwa mate chini papo hapo.

Sajini aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mama?"

"Amekufa."

"Lini?"

"Masika yaliyopita."

"Pole. Vua shati upimwe."

Sikutema mate. Niliona haya mbele ya wenzangu.

Mwaka wa pili, kikosi chetu kikiwa Mbeya, ilifika barua ya mwalimu wa kanisa letu: mama mgonjwa sana, ananiita. Niliipeleka ofisini kuomba ruhusa. Sajini wa kambi akafungua faili langu, akasoma, akacheka.

"Wewe kijana, una mama wangapi? Huyu alikufa kabla hujaja kwetu."

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Iringa ilikuwa safari ya siku moja kwa basi. Ningesema kweli ningevuliwa sare, lakini ningefika. Niliipenda mno ile sare, kaptula iliyonyooshwa hadi ikasimama yenyewe. Nikapiga saluti, nikasema nimekosea.

Likizo ilipokuja, mama mdogo alinipeleka kwenye tuta lililoanza kuota nyasi. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba dada yake aliomba kitanda kisogezwe mlangoni aione njia, wakakisogeza, akalala akiitazama siku tisa.

Ujanani nilijiambia kwamba nilimdanganya sajini tu. Sasa ni mzee, na sina pa kujificha. Nilichagua sare, na mama yangu akafa akinisubiri.